Usingizi Wakati wa Matibabu ya Tezi ya Shingo na Tezi za Juu ya Figo: Mwongozo kwa Watumiaji wa Dawa katika Mikoa ya Shinyanga na Geita

Kukosa usingizi huonekana na wengi kuwa jambo dogo. Mtu anayetibiwa rovu, au anayemeza vidonge vya steroidi kwa ajili ya pumu, hukesha usiku mmoja, wa pili na wa tatu, kisha hujiamulia mwenyewe. Ama huacha dawa, ama huipunguza, ama huenda dukani kununua vidonge vya usingizi. Kila moja ya njia hizo tatu yaweza kumdhuru kuliko kukesha kwenyewe, na mojawapo, yaani kuacha steroidi ghafla, yaweza kumuua.

Makala haya yanaeleza kwa nini usingizi huvurugika wakati wa matibabu ya tezi hizi, mambo gani mgonjwa anaweza kuyarekebisha mwenyewe bila kubadili dozi, na mambo gani yanapaswa kufikishwa kwa daktari bila kuchelewa. Yameandikwa kwa kuzingatia maisha ya Shinyanga, Kahama na Geita, ambako wengi hufanya kazi usiku migodini, ambako zebaki na vumbi la mawe ni sehemu ya riziki ya watu wengi, na ambako duka la dawa aghalabu huwa karibu kuliko daktari.

Tezi hizi ni zipi, na zinahusianaje na usingizi

Tezi ya shingo, ambayo wataalamu huiita tezi ya thairoidi, imekaa mbele ya koo, chini ya kikoromeo, na umbo lake hufanana na kipepeo. Hutengeneza homoni ya thairoksini kwa kutumia madini joto tunayoyapata katika chakula, hasa katika chumvi iliyoongezwa madini hayo. Thairoksini ndiyo inayoamua kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, uyeyushaji wa chakula na wepesi wa fikra. Ikizidi, mwili huenda mbio hata mtu akiwa amelala kitandani. Moyo hudunda, jasho hutoka, mikono hutetemeka na fikra hazitulii. Ikipungua, mwili huzorota. Mgonjwa husinzia mchana, huhisi baridi wakati wenzake wanahisi joto, hunenepa, na usiku hukoroma sana au hukatikiwa na pumzi usingizini.

Rovu ni uvimbe wa tezi hiyo. Kuwa na rovu pekee hakuonyeshi kama homoni imezidi au imepungua. Hilo hujulikana kwa kipimo cha damu. Kwa hiyo watu wawili wenye rovu la ukubwa uleule waweza kuhitaji dawa zinazopingana kabisa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutoazimana dawa za tezi, hata baina ya ndugu wa tumbo moja.

Tezi za juu ya figo, yaani tezi za adrenali, ni mbili, na kila moja imekaa juu ya figo kama kofia. Miongoni mwa homoni zake ni kotisoli, ambayo huusaidia mwili kustahimili homa, jeraha, njaa na uchovu. Kotisoli ina saa yake. Huanza kupanda baada ya usiku wa manane, hufika kilele asubuhi, karibu na wakati wa kuamka, kisha hushuka polepole mchana kutwa hadi kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na saa 6 usiku. Kushuka huko ni sehemu ya maandalizi ya usingizi. Dawa yoyote inayofanya kazi ya kotisoli, ikimezwa jioni, huuambia mwili kwamba kumekucha.

Dawa za kupunguza homoni ya tezi ya shingo

Mgonjwa ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi aghalabu hupewa kabimazoli. Wengi hutarajia kulala vizuri siku inayofuata, na wanapokesha tena hudhani dawa ni bandia. Ukweli ni kwamba kabimazoli huzuia tezi kutengeneza homoni mpya, lakini haiondoi homoni iliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya tezi. Akiba hiyo huendelea kutumika, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 8 kabla ya mgonjwa kurejea katika hali ya utulivu. Subira katika wiki hizo si uzembe. Ndiyo tabia ya dawa yenyewe.

Katika kipindi hicho daktari huweza kuongeza propranololi, ambayo hutuliza mapigo ya moyo na kutetemeka mapema zaidi. Mwenye pumu hapaswi kuitumia, kwa hiyo ni wajibu wa mgonjwa kumtajia daktari kama ana ugonjwa huo au amewahi kuwa nao. Kwa baadhi ya watu propranololi yenyewe huleta ndoto za kutisha au usingizi wa mang'amung'amu. Hilo likitokea, mgonjwa amweleze daktari ili saa ya kuimeza ibadilishwe au ichaguliwe dawa nyingine.

Kabimazoli ina onyo moja ambalo kila mtumiaji anapaswa kulijua kwa moyo. Mara chache hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Homa, maumivu makali ya koo au vidonda mdomoni kwa mtu anayeitumia ni sababu ya kusimamisha dozi inayofuata na kwenda hospitali siku hiyohiyo kupimwa damu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambako homa huhesabiwa kwanza kuwa malaria, mgonjwa asikubali kupimwa malaria tu na kurudi nyumbani. Amweleze mhudumu kwamba anatumia kabimazoli.

Baada ya miezi kadhaa huweza kutokea kinyume: mgonjwa aliyekuwa hakeshi tena huanza kusinzia kutwa nzima, kuvimba uso na kukoroma. Huenda dozi sasa imeizidi tezi nguvu. Kipimo cha damu kitaonyesha, na daktari ataipunguza.

Dawa ya kuongeza homoni ya tezi ya shingo

Mtu ambaye tezi yake haitoi homoni ya kutosha, au aliyeondolewa tezi kwa upasuaji, hupewa levothairoksini. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu: huchukua takribani siku 7 kwa nusu ya kiasi kilichomo mwilini kutoweka. Kutokana na hali hiyo, kidonge kilichomezwa asubuhi hakiwezi kulaumiwa peke yake kwa kukesha kwa usiku huo. Kinachovuruga usingizi ni jumla ya dozi iliyozidi kwa siku na wiki kadhaa. Hali kadhalika, mgonjwa anayemeza vidonge viwili leo kufidia cha jana hatapata nafuu ya haraka, na akiendelea hivyo atajitafutia mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na, baada ya miaka, mifupa myepesi.

Dozi inapobadilishwa, kipimo cha damu hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu kabla ya hapo majibu hayaonyeshi hali halisi. Mgonjwa anayekesha anaweza kuomba kupimwa mapema zaidi ikiwa moyo unadunda, anatokwa jasho na anakonda, lakini asibadilishe dozi mwenyewe.

Levothairoksini humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Maziwa, chai ya maziwa, kahawa, vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi huizuia isifyonzwe. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi vitenganishwe nayo kwa saa 4. Jambo hili lina uzito kwetu Usukumani, ambako siku huanza kwa maziwa au kwa michembe na chai. Si lazima mtu aache chakula chake. Inatosha ameze dawa anapoamka, afanye kazi zake za alfajiri, kisha ale. Anayeshindwa kabisa kufanya hivyo anaweza kukubaliana na daktari aimeze wakati wa kulala, angalau saa 3 baada ya mlo wa mwisho. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini muda mrefu, kumeza usiku hakumkeshi mgonjwa ikiwa dozi ni sahihi.

Chanzo kimoja cha kukesha hakitambuliwi na wengi, nacho ni uhifadhi mbaya. Levothairoksini huharibiwa na joto, mwanga na unyevu. Pakiti inayowekwa chini ya bati la nyumba, karibu na jiko au ndani ya gari linaloegeshwa juani hupoteza nguvu. Mgonjwa huanza kuzorota, vipimo huonyesha upungufu, na daktari, asiyejua habari za bati, huongeza dozi. Mwezi unaofuata mgonjwa hupata pakiti nzima isiyoharibika, huimeza kwa dozi mpya iliyoongezwa, na sasa homoni inazidi: hapo ndipo usingizi hutoweka. Dawa itunzwe katika pakiti yake ya asili, mahali penye kivuli na pakavu, kwa joto lililoandikwa juu ya boksi.

Kosa jingine ni kuchanganya nguvu za vidonge. Kuna vidonge vya mikrogramu 25, 50 na 100, na maboksi yake huweza kufanana. Aliyezoea kumeza vidonge viwili vya 50 akipewa vya 100 na kuendelea kumeza viwili, dozi yake imekuwa mara mbili bila yeye kujua. Kila unapopokea dawa, soma namba iliyo kwenye boksi mbele ya muuzaji na uilinganishe na boksi la zamani.

Dawa zinazofanya kazi ya tezi za juu ya figo

Kundi hili ni steroidi: haidrokotisoni, prednisoloni na deksamethasoni. Wanaozitumia ni wa aina mbili. Wachache ni wale ambao tezi zao zimeharibika na hawawezi kuishi bila kurejeshewa kotisoli. Wengi ni wale waliopewa kwa ajili ya maradhi mengine, kama vile pumu, mzio, magonjwa ya ngozi na ya viungo.

Kwa makundi yote mawili, saa ya kumeza ndiyo jambo la kwanza la kuchunguza pale usingizi unapopotea. Prednisoloni ya mara moja kwa siku humezwa asubuhi pamoja na chakula. Haidrokotisoni hugawanywa mara 2 au 3. Sehemu kubwa humezwa mara tu mtu anapoamka, na sehemu ya mwisho saa 4 hadi 6 kabla ya kulala. Mtu anayelala saa 4 usiku, kwa mfano, dozi yake ya mwisho haipaswi kupita saa 12 jioni. Deksamethasoni hukaa na nguvu kwa zaidi ya siku moja na nusu, kwa hiyo hata ikimezwa asubuhi huweza kumfikia mtu kitandani. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutoitumia bila agizo la daktari.

Steroidi huweza pia kuvuruga usingizi kwa njia nyingine. Hupandisha sukari ya damu, na mwenye sukari nyingi huamka mara kwa mara kwenda haja ndogo na kunywa maji. Mtumiaji wa steroidi anayeamka mara nyingi kila usiku kwa kiu na mkojo apimwe sukari kabla ya kuambiwa kwamba ni usingizi tu.

Kwa upande mwingine, mtu ambaye tezi zake zimeharibika huweza kuamka alfajiri akiwa na jasho jembamba, njaa na kizunguzungu. Hiyo huweza kuwa dalili kwamba kotisoli imemwishia na sukari imeshuka. Huyu tatizo lake si dawa kuzidi bali kupungua. Ndiyo maana watu wawili wanaomeza kidonge kilekile na kulalamika vilevile waweza kuhitaji majibu tofauti.

Kwa nini steroidi haiachwi ghafla

Mwili unapopokea steroidi kutoka nje kwa zaidi ya wiki 3 au 4, tezi za juu ya figo hupumzika na huacha kutengeneza kotisoli yake. Mgonjwa akisimamisha vidonge siku moja, hubaki bila kotisoli kutoka popote. Siku ya kawaida huenda akahisi uchovu na kichefuchefu tu. Akishikwa na malaria, akiumia mgodini au akipatwa na kuhara, mwili huhitaji kotisoli nyingi zaidi na haipo. Shinikizo la damu huanguka, hutapika, huchanganyikiwa na kuzimia. Asipopata sindano ya haidrokotisoni na maji ya mshipa kwa haraka, hufa.

Kwa hiyo, anayekesha kwa sababu ya steroidi aanze kwa kurekebisha saa, kisha amwone daktari ili dozi ipunguzwe hatua kwa hatua. Asiiache. Mwenye tezi zilizoharibika aombe kwa daktari wake maelekezo ya maandishi kuhusu siku za ugonjwa: aghalabu dozi huongezwa mara mbili wakati wa homa, na anayetapika dawa huenda hospitali mara moja kwa sindano. Abebe kadi au karatasi inayosema kwamba anategemea steroidi, na ndugu wa nyumbani na wenzake kazini wajue ilipo. Kabla ya kufunga Ramadhani, mgonjwa wa namna hii ashauriane na daktari.

Hatari hiihii humkabili mtu asiyejua kabisa kwamba anatumia steroidi. Duniani kote zimebainika dawa za kienyeji za viungo na za kunenepesha zilizochanganywa kwa siri na deksamethasoni au prednisoloni, na krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi kali. Dalili zake ni hamu kubwa ya kula, uso kuvimba na kuwa wa mviringo, maumivu kutoweka kwa haraka ya ajabu, na usingizi kupotea. Anayeshuku kwamba ametumia bidhaa ya namna hiyo kwa wiki nyingi asiitupe na kunyamaza. Aende nayo hospitali, ili aisimamishe chini ya uangalizi.

Mambo ya migodini yanayofanana na ugonjwa wa tezi

Zebaki. Katika mialo ya kuchenjulia dhahabu, mchanganyiko wa zebaki na dhahabu huchomwa motoni na mvuke wake huvutwa na mchomaji pamoja na walio jirani naye, wakiwemo watoto. Sumu ya mvuke huo hushambulia ubongo na neva. Dalili zake ni kutetemeka mikono, kukosa usingizi, hasira za ghafla, kusahau, mapigo ya moyo kwenda mbio, pamoja na mate mengi na fizi kuuma. Ukiondoa mate na fizi, dalili hizo karibu zote ni za thairoksini iliyozidi. Uchunguzi wa kiafya uliofanyika mwaka 2003 Rwamgasa, wilayani Geita, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, ulibaini dalili za sumu hiyo kwa baadhi ya wachoma dhahabu. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020, lakini mkataba hauwezi kumlinda mtu anayechomea dhahabu jikoni kwake.

Mchimbaji anayekesha na kutetemeka amtajie daktari kazi yake hata asipoulizwa. Kipimo cha damu hutambua tatizo la tezi, na cha mkojo hutambua zebaki. Anayeanza kumeza kabimazoli bila vipimo, kwa kuwa tu jirani alipona nayo, ataendelea kuvuta sumu huku akijidhuru kwa dawa asiyoihitaji.

Vumbi na kifua kikuu. Vumbi la silika linalotoka katika uchorongaji na katika makarasha huharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu. Kifua kikuu nacho huweza kufika hadi kwenye tezi za juu ya figo na kuziharibu. Daktari Mwingereza Thomas Addison alipoueleza ugonjwa wa tezi hizi mwaka 1855, kadhaa wa wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, akaendelea kukonda, kuchoka, kutamani chumvi, kupata kizunguzungu anaposimama, na ngozi yake kuwa nyeusi zaidi kwenye mikunjo ya viganja na kwenye fizi, apimwe tezi hizo.

Wanaotibiwa kifua kikuu wana jambo la ziada la kujua. Rifampisini, iliyo ndani ya vidonge vya kifua kikuu, hulifanya ini livunjevunje steroidi na levothairoksini kwa kasi. Dozi iliyokuwa ikitosha hupungua nguvu, na daktari huweza kulazimika kuiongeza. Matibabu ya kifua kikuu yanapokwisha, hali hugeuka: katika wiki chache dozi iliyoongezwa inakuwa kubwa mno, na mgonjwa huanza kukesha. Tarehe ya kumaliza rifampisini iandikwe, na miadi ya kupitia upya dozi iwekwe mapema.

Zamu ya usiku. Mfanyakazi anayeingia kazini jioni na kutoka alfajiri huishi kinyume cha saa ya kotisoli. Kwa levothairoksini, jambo la msingi ni kuchagua wakati mmoja ambao tumbo huwa tupu katika zamu zote mbili, na kuushika. Kwa steroidi, neno «asubuhi» lililoandikwa kwenye bahasha ya dawa lina maana ya «wakati wa kuamka», na mtu wa zamu huamka alasiri. Asijipangie mwenyewe, amwonyeshe daktari ratiba yake ya zamu, na waandike pamoja saa za siku za usiku, saa za siku za mchana na namna ya kuvuka kutoka zamu moja hadi nyingine. Anapolala mchana, chumba kiwe na giza na utulivu kadiri iwezekanavyo. Vinywaji vya kuongeza nguvu, kahawa na sigara vinavyotumiwa kumaliza zamu huongeza mapigo ya moyo ambayo tayari yameongezwa na ugonjwa au na dawa. Visitumiwe katika nusu ya pili ya zamu.

Vidonge vya usingizi na dawa nyingine

Diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la valiamu, ni dawa ya cheti cha daktari. Kwa mgonjwa ambaye thairoksini yake ni pungufu, mwili huiondoa polepole na upumuaji huweza kudhoofika, hasa kwa anayekatikiwa na pumzi usingizini. Pombe huleta hatari iyo hiyo, na zikitumiwa pamoja hatari huongezeka. Tena, kidonge cha usingizi huficha dalili ambayo ingemwonyesha daktari kwamba dozi ya tezi imekosewa.

Zipo pia dawa za maradhi mengine zinazoweza kuleta kukesha, zikiwemo baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na za kufungua njia ya hewa kwa wenye pumu. Hakuna hata moja ya kuachwa kwa hiari. Nenda kliniki na dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za mitishamba, ili mtaalamu aone picha nzima.

Kununua kwa usalama

Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza huduma vijijini, lakini hayaruhusiwi kuuza kila dawa. Dawa za tezi zinunuliwe famasi iliyosajiliwa au zichukuliwe hospitali. Mnunuzi ana haki ya kuonyeshwa boksi, kusoma jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kupewa risiti. Asinunue vidonge vya kumiminwa kwenye karatasi kutoka kopo lisilo na maandishi.

Athari zinazoshukiwa kusababishwa na dawa, pamoja na dawa zinazoshukiwa kuwa duni au bandia, huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kupitia kituo cha afya au ofisi za kanda. Si wataalamu pekee wanaoruhusiwa kuripoti. Mgonjwa mwenyewe anaweza. Malalamiko kuhusu uendeshaji wa famasi na maduka ya dawa hupelekwa Baraza la Famasi, na yale ya vipodozi hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo limepewa jukumu hilo tangu mwaka 2019.

Daftari la wiki mbili

Daktari anayeambiwa «silali» ana machache ya kushika. Anayeonyeshwa kumbukumbu za siku 14 huweza kuamua siku hiyohiyo. Andika kila siku: saa uliyomeza kila dawa na nguvu yake, saa uliyokula, saa uliyopanda kitandani, uliyolala na uliyoamka, zamu uliyofanya, mapigo ya moyo kwa dakika moja ukiwa umepumzika, na kama uliamka kwa mkojo, jasho, njaa au kudunda kwa moyo. Mwenzi wako aseme kama unakoroma au unakatikiwa na pumzi. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule amwandikie.

Usisubiri daftari lijae, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona mojawapo ya haya:

– homa au maumivu makali ya koo ukiwa unatumia kabimazoli;
– kutapika, kuhara au homa kali ukiwa unategemea steroidi, au umeziacha karibuni;
– mapigo ya moyo zaidi ya 100 kwa dakika ukiwa umepumzika, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida;
– kuchanganyikiwa, kuzimia, au usingizi mzito usioamshika;
– kukesha siku kadhaa mfululizo pamoja na kuongea bila mpangilio, kusikia sauti au mawazo ya kujidhuru, jambo ambalo steroidi kwa dozi kubwa huweza kulisababisha.

Zahanati au kituo cha afya kikishindwa, omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Kwa uchunguzi wa kina zaidi wapo madaktari bingwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Omba nakala ya majibu ya vipimo vyako na uyahifadhi pamoja na daftari lako, kwa kuwa matibabu ya tezi ni ya miaka mingi, na atakayekuhudumia mwakani huenda asiwe yule wa leo.